Wapangaji wa Jicho la Katibu

Siku mke wangu Nakijwa alipofariki, paka wake alikuwa amelala mapajani mwake na alikataa kushuka. Nakijwa alikuwa kwenye kiti chake cha barazani, ameinamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Nilidhani amesinzia. Nikamwambia chai inapoa. Aliyeinua kichwa ni paka. Nikasema tena habari ya chai, na paka akanitazama kama anavyonitazama siku zote, yaani kama mgeni aliyekaa kupita muda wake. Ndipo nikamgusa Nakijwa mkono.

Paka huyo anaitwa Katibu. Nakijwa alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama kinachotunza nyavu za ukungu hapa Mbaga, zile nyavu ndefu za mgongoni mwa mlima zinazonasa ukungu alfajiri na kutujazia matangi. Paka hakukosa kikao hata kimoja. Alilala katikati ya meza, na mjumbe akizidi kuongea aliamka, akajinyoosha, akatoka nje. Mjadala ukawa umefungwa. Cheo alikipata kwa kazi yake mwenyewe.

Majirani walipokuja kumwinua marehemu, Katibu alimparura mwenyekiti wa kitongoji, ambaye alikuja kutoa pole akaondoka akipewa pole.

*

Watani wa Wapare ni Wachaga, na mtani wa nyumba yetu ni Aikaruwa, fundi wa yale mabehewa yanayoning'inia kwenye kamba na kuvuka mabonde. Msibani mtani hana adabu, na hatakiwi kuwa nayo. Jeneza halijateremshwa, Aikaruwa akawa ameshashuka yeye kaburini, amelala chali, amekunja mikono kifuani.

"Haingii mtu," akasema kutoka chini. "Mpaka nipewe jogoo."

"Toka, Mchaga, mvua inakuja!" wakamwambia.

"Nyinyi Wapare kuku akivuka mpaka tu mnaita mahakama. Haya, mtu mzima amelala kwenye kiwanja chenu. Nishtakini!"

Watu wakacheka huku wanafuta macho. Mchungaji aligeuka upande wa migomba, mabega yakimtikisika. Jogoo akaletwa, Aikaruwa akatoka, Nakijwa akaingia.

Tuliporudi nyumbani mtani akaendelea. Alivaa khanga ya Nakijwa na mabuti yake ya mvua, akatembea kama yeye, mkono mmoja kiunoni na shingo mbele, kama mtu anayekwenda kumkamata mwizi ambaye tayari anamjua.

"Agenda ya kwanza!" akasema kwa sauti ya Nakijwa kabisa. "Nani ameacha bomba wazi? Agenda ya pili: yule yule!"

Akachota majivu jikoni na kuanza kuwarushia waombolezaji, kama watani wanavyofanya. Watu wazima wakakimbia huku na huku wakificha nyuso. Asiyekimbia ni Katibu. Alikuwa juu ya kabati, macho wazi, anasimamia shughuli. Konzi ya majivu iliyonikosa mimi ilimpata yeye, jicho la kulia.

Lingekuwa la kushoto tungeliosha na kulisahau. Lakini wapangaji wanakaa la kulia.

*

Niwaeleze wapangaji, kwa ajili ya walio na bahati ya kutokuwa nao. Zamani watu waliweka picha zao kwenye mitambo mikubwa huko mbali, mpaka mwaka ule mitambo ilipoungua na harusi za nusu ya nchi zikapotea kwa siku moja. Baada ya hapo wataalamu wakatengeneza bakteria wapole, wasiodhuru, wanaoishi ndani ya jicho na kuhifadhi kila kinachopita mbele ya mboni. Jicho lilichaguliwa kwa sababu mwili umelijengea ukuta wake wenyewe. Damu inazunguka kila mahali, lakini ikifika jichoni inakutana na ukuta huo, na vingi vilivyomo kwenye damu vinarudishwa getini. Ukimeza dawa ya kikohozi, wapangaji hawana habari.

Walianza na macho ya watu. Mwezi haukuisha, ndoa zilivunjika kata baada ya kata, na serikali ikapiga marufuku. Wakabaki wanyama, ambao hawana aibu na hawaulizwi.

Nakijwa aliwapangisha kwa Katibu akakataza wasisomwe. "Nikiwa hai nitazame mwenyewe," alisema. "Nikifa, haya, soma." Tulichowahi kuona ni jaribio la fundi siku ile ile ya kwanza. Alimulika jicho, picha ikatokea ukutani, na picha hiyo ilikuwa ndoo ya maziwa. Tuliitazama ndoo kwa muda mrefu sana. Mara moja tu mkono wa Nakijwa ulipita, ukafunika ndoo, ukaondoka.

*

Shemeji yangu Namcheja, mdogo wake Nakijwa, alifika kutoka Tanga baada ya mazishi. Aliingia na begi mkononi, hakuketi.

"Mlipokuwa mnamzika dada yangu," akasema, "mimi nilikuwa nimening'inia juu ya bonde kwenye behewa lililokwama, pamoja na mzee mmoja na mbuzi wake. Mbuzi ndiye aliyenifariji. Nikapiga simu, wakasema tumtafute fundi. Fundi alikuwa wapi?"

Waombolezaji wakaanza kukusanya vikombe.

"Shemeji, nakuuliza. Fundi alikuwa wapi?"

"Kaburini," nikasema.

Ilibidi nimweleze taratibu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaketi, akalia, kisha akasema, "Basi nionyesheni huyo paka."

Jicho la Katibu lilikuwa limevimba, limekuwa jeupe kama ganda la yai. Tukamwita Bi Tunu Mgonja, daktari wa mifugo wa tarafa. Alikuja na mkoba wake na kurunzi ya kusomea. Tukafunga madirisha. Namcheja akaketi mbele kabisa, amejifunga khanga vizuri kama anayesubiri mgeni.

Ukutani kukatokea kitu kama uji.

"Yule pale," akasema Namcheja.

"Wapi?"

"Pale. Amesimama."

"Hiyo ni ndoo," nikasema.

"Ndoo ina magoti?"

Nikasogea karibu. "Labda ni ndoo mbili."

"Umeishi na dada yangu miaka yote hiyo, humtofautishi na ndoo!"

Bi Tunu akazima kurunzi. "Jamani, hata ningekuwa mimi nimesimama hapo msingenijua. Maji ya ndani ya jicho yamechafuka. Majivu yamekwaruza, uchafu umeingia, sasa kuna bakteria wabaya nyuma ya mboni."

"Si umpe dawa ya matone," nikasema.

"Matone yanaosha sebule. Ugonjwa uko chumba cha ndani. Inatakiwa dawa ya kumeza. Inapita tumboni, inaingia kwenye damu, damu inaipeleka mpaka kwenye ukuta wa jicho. Jicho likiwa zima, dawa hii inapenya kidogo tu. Sasa hivi limevimba, ukuta una nyufa, kwa hiyo itapita ya kutosha. Tatizo ni kwamba jicho likianza kupona nyufa zinaziba, dawa inaanza kufungiwa nje, na wabaya waliobaki wanapumua. Ndiyo maana tunaanza mapema na hatuachi mapema."

"Hakuna dawa inayopita ukuta mzima?"

"Ipo. Mbwa ningempa leo. Kwa paka inaweza kuunguza lile pazia la nyuma linalopokea mwanga, akapofuka macho yote mawili. Sitampa."

Namcheja akakaza fundo la khanga yake. "Hiyo dawa yako ikishaingia," akasema, "inawajua wapangaji?"

"Inajua bakteria," Bi Tunu akajibu. "Haiulizi nani analipa kodi na nani ni mwizi."

Nilisikia maji yakidondoka kwenye tangi nje.

"Wahamishe kwanza," nikasema.

"Sindano itanipa tone moja, na wenyewe wamejishikiza kwenye kuta za ndani. Njia ni moja. Nikiling'oa jicho zima na kuligandisha, maabara wanaweza kuwachambua wapangaji na kuwasoma. Wameshafanya hivyo kwa ng'ombe."

"Paka mwenye jicho moja anakamata panya?" akauliza Namcheja.

"Anakamata."

"Basi ling'oe."

Bi Tunu alianza kufungua mkoba, akaufunga tena. "Mama, nikisema ataishi vizuri sikudanganyi. Lakini hili jicho linapona. Nimeng'oa macho mengi yaliyokuwa yamekwisha. Linalopona sijawahi." Akanigeukia mimi. "Sheria inasema uamuzi ni wa mwenye mnyama."

"Mwenye mnyama ndiye tuliyemzika."

"Basi ni wako."

"Daktari, huyu paka hajawahi kukubali kuwa wangu."

"Hilo mtazungumza wenyewe. Ninakwenda kumtazama ng'ombe wa kina Mrutu. Nikirudi mniambie, kidonge au kisu."

*

Mimi pia nililitaka lile jicho. Picha nilizo nazo za Nakijwa ni za kitambulisho na za harusi za watu, na katika zote amekaza uso kama anadaiwa maelezo. Sina hata moja anapokoroga uji, au anapotafuta kiatu ambacho kiko mguuni. Yote hayo Katibu aliyaona. Nilijua mengi yatakuwa ndoo, panya na miguu ya meza. Lakini paka akicheleweshewa samaki humtazama mtu usoni, na Nakijwa alikuwa anachelewesha makusudi.

Katibu mwenyewe aliamua kushuka kabatini. Kwa jicho moja alikosea kipimo, akatua ndani ya beseni la vyombo. Alitoka, akajikung'uta, akatutazama mmoja mmoja ili ajue nani ameona. Sote tukatazama dari. Akaenda barazani, akasimama mbele ya kile kiti. Aliinua kichwa, akapima, akashusha kichwa. Akapima tena. Kisha akaketi chini, kando ya mguu wa kiti, na kuanza kulisugua jicho bovu kwa mkono wake, taratibu, bila kulia.

Hapo ndipo Aikaruwa alipoingia, na jogoo kwapani.

"Nimemrudisha," akasema.

Mtani harudishi alichochukua msibani. Nilimtazama nikajua kuwa hakulala.

"Wewe ndiye uliyekuwa kaburini wakati mimi naning'inia?" akauliza Namcheja.

"Ndiyo, mama."

"Na ndiye uliyempofusha Katibu?"

"Ndiyo, mama."

"Ningekushtaki mpaka Mahakama ya Rufani."

"Huwezi, mama. Mimi ni mtani."

"Ndicho kinachoniudhi!"

Nikamweleza habari ya kidonge na kisu. Aikaruwa alisikiliza akiwa amemshika jogoo kama mtoto mchanga. Alipomaliza kusikiliza akamweka chini, akaweka mkono kiunoni, akasogeza shingo mbele. Hakuwa na khanga wala mabuti, lakini Nakijwa akaingia chumbani.

"Agenda ya tatu," akasema. "Wajumbe wawili, wazima wa akili, wanataka kumng'oa katibu jicho ili wanione. Mnataka kuniona nafanya nini? Naparua samaki? Na wewe, mzee, nilikuwa nimekaa mbele yako kabisa, ukaniambia chai inapoa!"

Hilo la chai nililisimulia mwenyewe msibani. Niliketi.

Namcheja alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka kilio, na sisi wanaume tukatazama nyavu za mlimani mpaka alipotulia.

"Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa anasema 'wajumbe'," akasema. "Hivyo hivyo." Akajifuta pua. "Lakini bado nalitaka jicho. Nyinyi mlikaa naye. Mimi nina simu za sikukuu na Krismasi mbili. Usiniambie nimebahatika kwa sababu Mchaga anajua kuiga."

"Sikuambii hivyo," nikasema.

"Unaniambia nini?"

"Ninamwambia daktari ampe kidonge."

Namcheja akanisogelea. "Kwa nini?"

Nilitaka kusema jambo la maana. Nikasema, "Anaumwa."

"Hata mimi naumwa, shemeji," akasema. Akaenda jikoni, na sufuria zikaanza kuwekwa mahali pake kwa nguvu.

*

Kumpa Katibu kidonge kunahitaji watu watatu na akili za mtu mmoja, nasi tulikuwa na watu watatu.

Bi Tunu, aliporudi kutoka kwa kina Mrutu, alikiweka kwanza ndani ya kipande cha nyama. Katibu alikula nyama, akakiacha kidonge katikati ya sahani, kisafi, kimelambwa. Tukakisaga kwenye maziwa. Akanusa, akamtazama Bi Tunu, akazungusha sahani kwa mguu mpaka ikamwagika. Aikaruwa akajitolea kumshika.

"Mimi nashika nyaya za behewa," akasema. "Paka ni nini?"

Alipata jibu la swali hilo kwenye mikono yote miwili.

"Mchaga anavuja damu!" nikasema. "Muitieni mwanasheria!"

"Mpare, shika miguu ya nyuma uache maneno!"

"Miguu ya nyuma iko wapi?"

"Hiyo ni yangu!"

Jogoo alikuwa ameshapanda mezani. Kidonge kilikuwa chini ya kochi, na Bi Tunu, pamoja na shahada zake mbili, alikuwa amelala kifudifudi anakivuta kwa mwiko. Katibu alikuwa juu ya pazia.

Namcheja akatokea mlangoni kutoka jikoni, mikono ina unga. Aliangalia kila kitu kwa zamu.

"Tokeni hapo," akasema.

Alichukua khanga ya Nakijwa iliyokuwa kwenye msumari, akasimama chini ya pazia, akamwita Katibu kwa mdomo, ule mluzi mdogo wa kuvuta hewa ambao nilidhani ni wa Nakijwa peke yake. Kumbe ni wa kwao, wa mama yao. Katibu akashuka hatua kwa hatua. Namcheja akamfunga khanga mpaka shingoni kama mtoto anayepelekwa kliniki, akaketi kwenye kiti cha barazani, akamweka mapajani.

"Leta."

Bi Tunu akampa kidonge. Namcheja alikishika kati ya vidole viwili, akakitazama. Nilidhani atakitupa uani, na angekitupa nisingesema neno.

"Kikishapita," Bi Tunu akasema polepole, "mpe maji hapo hapo. Kwa paka hukwama kooni kikaunguza."

"Najua kumnywesha kiumbe maji."

Akamfungua Katibu mdomo kwa kidole gumba, akakiweka nyuma kabisa ya ulimi, akafunga, akamsugua koo. Bi Tunu akamdondoshea maji kwa bomba la sindano pembeni mwa mdomo. Katibu alimeza. Alionekana kushangaa zaidi yetu.

Namcheja hakumfungua mara moja. Aliinamisha uso mpaka karibu na lile jicho jeupe, karibu kabisa, akakaa hivyo. Sijui kama wapangaji waliona kitu kwenye ule uji. Kama waliona, cha mwisho walichohifadhi ni uso wa mdogo wake Nakijwa.

"Nenda," akamwambia paka, akamfungua.

*

Bi Tunu aliporudi baada ya siku kadhaa, jicho la Katibu lilikuwa limeanza kuwa kijani tena, na mboni ilijifunga na kufunguka vizuri kwenye mwanga. Alitoa kurunzi ya kusomea ingawa hakuna aliyemwomba. Tukafunga madirisha. Aikaruwa akavua kofia.

Ukutani ulionekana ukuta. Kulikuwa na alama ya msumari na ufa mmoja.

Tuliutazama kwa muda, sote wanne, na Katibu akiwa mikononi mwa Bi Tunu akautazama pia.

"Hiyo siyo ndoo," akasema Namcheja mwishowe.

Bi Tunu akazima kurunzi. Akasema tusidanganywe na weupe kuisha, ukuta wa jicho sasa unaziba na dawa inapenya kwa shida, kwa hiyo vidonge viendelee mpaka yeye aseme basi. Akaniachia kopo jipya.

Namcheja hajarudi Tanga. Asubuhi yeye anamshika Katibu, na mimi nashika maji.